Mguu Unaodunda Wenyewe

Chai ilikuwa bado inafuka pale mguu wa kulia wa yule mzee ulipoanza.

Ni Mikindani, baada ya Alasiri, kwenye baraza inayotazama maji. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao, miguu ameirudisha chini ya benchi, vidole vimekanyaga sakafu na visigino viko juu. Akajisogeza kidogo apokee kikombe. Basi. Goti likaanza kupanda na kushuka, mbiombio, kwa mapigo yaliyolingana kama ya cherehani. Ndala ikapiga saruji ta-ta-ta-ta, chai ikamwagikia kikoi.

Mpwa wake akaruka, akaukamata mguu kwa mikono miwili, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Mjomba, tulia basi!"

"Si mimi, baba. Ni mguu."

Ukazidi. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele pembeni akanong'ona kwamba huyo kapandisha, aitwe mtu amsomee. Ndipo binti wa mzee alipotoka ndani. Hakuubana mguu. Aliuvuta mbele kama shubiri moja, akaweka kiganja juu ya goti, akakandamiza kwenda chini, taratibu, mpaka kisigino kikatua sakafuni.

Mguu ukanyamaza.

Chai ikamiminwa upya, mazungumzo yakarudi kwenye bei ya korosho. Hakuna aliyemuuliza binti kajuaje.

Mzee yule ana ugonjwa wa neva za mwendo, ule unaoua neva zinazobeba amri hadi kwenye misuli, na wiki kadhaa sasa picha hiyo haijaniondoka. Mikono miwili ilibana kwa upendo wote ikazidisha tatizo. Kiganja kimoja kilikandamiza mahali pake kikalimaliza. Upendo ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni kujua mtetemo ule ni wa aina gani, na ujuzi huo haupaswi kuwa siri ya nyumba moja.

Neno moja, mambo manne

Mtu akifika zahanati husema "natetemeka", na mhudumu huandika hivyohivyo. Safari huanza kupotea hapo. Mwenye malaria anatetemeka. Ambaye sukari imeshuka anatetemeka. Mwenye ugonjwa wa Parkinson hutetemeka mkono ukiwa umetulia mapajani. Ugonjwa wa neva za mwendo nao una mitetemo yake, tena si mmoja.

Amri ya kusogeza kidole cha mguu hupita kwenye nyaya mbili zilizoungana. Ya kwanza hutoka ubongoni hadi uti wa mgongo. Ya pili hutoka uti wa mgongo hadi kwenye msuli wenyewe. Ugonjwa huu, ambao daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869, kwa kawaida huziua zote mbili, lakini haziendi sambamba. Mkono mmoja unaweza kuwa umelegea na kukonda wakati mguu wa upande wa pili umekakamaa kama mpini.

Waya wa pili unapoanza kufa hurusha cheche wenyewe, bila kutumwa. Hapo nyama huchezacheza chini ya ngozi. Hapo pia ndipo misuli hukaza ghafla kwa maumivu.

Waya wa kwanza ukifa, hali ni nyingine. Waya huo haubebi amri tu, hubeba na breki. Kila msuli ukivutwa ghafla hujibu kwa kujikunja, na breki ya ubongo ndiyo inayozuia jibu hilo lisipite kiasi. Breki ikikatika, msuli wa kigimbi ukivutwa hujikunja, ukijikunja huachia, ukiachia unavutwa tena na uzito wa mguu, unajikunja tena, mara 5 hadi 8 kwa sekunde. Hiyo ndiyo cherehani ya Mikindani.

Mtetemo wa nne ni wa udhaifu mtupu. Nyosha mkono ukiwa umeshika ndoo ya lita 20 uone utakavyotikisika baada ya sekunde chache. Kwa mgonjwa, kijiko kimekuwa ndoo.

Ukiuchukulia mtetemo wa aina moja kama ni wa nyingine, unaweza kutumia dawa, fedha na nguvu za wiki nzima kuukuza.

Nyama inayocheza

Tumelelewa na kope. Ikicheza, huyu atakwambia utamwona usiyemtarajia, yule atakwambia utalia. Kwa hiyo nyama ya bega au paja inapocheza siku nzima, mtu huanza kutafuta maana, na akiisoma mtandaoni maana anayoipata ni kifo.

Nyama kucheza peke yake, bila udhaifu na bila kukonda, hutokea kwa watu wazima wenye afya zao: baada ya kazi nzito, kukosa usingizi, wasiwasi, kahawa nyingi. Kinachotakiwa kumpeleka mtu hospitali ni nguvu kupungua. Kifungo cha shati hakifungiki. Ufunguo haugeuki kwenye kufuli. Ncha ya mguu inaburuta. Maneno yanakuwa mazito mdomoni. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea.

Hata hapo usijihukumu. Ukoma nao hukondesha mkono, ila ukoma huja na ganzi, na huu hauleti ganzi. Pingili za shingo zikiubana uti wa mgongo zinaweza kuleta mkono uliokonda na mguu unaodunda kwa pamoja, na hilo lina matibabu. Ndiyo maana uchunguzi hauna njia ya mkato.

Kwa aliyekwisha thibitishwa, nyama kucheza hakuhitaji dawa. Hakuumi. Hakuharakishi ugonjwa, ni dalili ya neva kuchoka, na wala si kinachoichosha. Punguza kahawa na chai ya rangi iliyokolea, lala vya kutosha, vaa nguo pana ili usizione siku nzima. Siku moja mahali fulani huacha kucheza. Wengine hushangilia, ilhali mara nyingi ni kwa sababu msuli wa hapo umekwisha. Ni neno gumu kumwambia mtu, lakini kumwacha ashangilie kisha agundue peke yake ni kugumu zaidi.

Mguu unaodunda

Hapa mikono ina kazi.

Mdundo huanzishwa na shinikizo kwenye nyama ya mbele ya unyayo, chini ya vidole, kisigino kikiwa hewani. Ukitaka uishe, una njia mbili. Ya kwanza ni ya yule binti: vuta mguu mbele hadi unyayo ulale chini ya goti, kisha kandamiza goti wima kwenda chini, uzito uingie kisiginoni. Hesabu hadi kumi kabla ya kuachia. Isipofaa, tumia ya pili: pitisha mkono chini ya paja, inua mguu mzima kutoka sakafuni, acha vidole vining'inie vikielekea chini. Kigimbi kikiacha kuvutwa, mdundo hukosa chakula.

Usifanye alichofanya mpwa. Kubana kigimbi kunauchokoza msuli uleule unaodunda. Kusukuma vidole juu kwa ghafla ni kubaya zaidi, kwa kuwa ndivyo daktari anavyouanzisha mdundo makusudi anapopima.

Sehemu kubwa ya tatizo hili humalizwa na seremala. Pima kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino, mgonjwa akiwa amevaa viatu. Kiti kiwe na kimo hicho. Kikiwa kirefu zaidi, visigino vitaning'inia. Weka kibao chini ya miguu, kipana cha kubeba unyayo wote, upana wa sentimita 35 hivi na urefu wa 40, ukikipandisha kwa vipande hadi paja lilale sawa. Kiti cha plastiki cha dukani huwa na miguu inayoteleza na hakina uzito. Kikiegemezwa ukutani kinafaa. Kigoda hakifai kabisa, hukunja kifundo cha mguu na kuinuka kwake kunahitaji nguvu ambayo haipo.

Kwenye kiti cha magurudumu, tatizo huwa kwenye vikanyagio. Vingi ni vifupi, vinabeba mbele ya unyayo tu. Ongeza ubao, na nyuma yake kamba au mkanda unaozuia kisigino kisirudi nyuma.

Ndala nazo zina lawama. Ili isivuke, vidole hujikunja kuishika, na vidole vikijikunja mguu uko nusu ya safari ya kudunda. Kandambili yenye mkanda wa nyuma, au raba nyepesi, hutuliza zaidi ya vidonge kwa baadhi ya watu.

Kuinuka ndiko kunakoangusha. Kanuni ni tatu: subiri mdundo uishe kabisa, nyayo mbili zilale, kisha mwili uiname mpaka pua ipite vidole vya miguu ndipo makalio yainuke. Msaidizi asivute mkono. Bega la mgonjwa huyu limebaki na misuli michache ya kulishika na linaweza kuteguka. Kunja kanga mara nne kwa urefu, ifunge kiunoni kwa fundo la nguvu, shika hapo.

Tahiyatu na bajaji

Kuna vikao viwili vya pwani vinavyoamsha mdundo kuliko vyote, na sijaona kijitabu cha hospitali kinachovitaja.

Cha kwanza ni kikao cha Tahiyatu katika swala. Mguu wa kulia husimamishwa juu ya vidole vilivyokunjwa, yaani mkao uleule anaoutumia daktari kupima. Mzee anaanza kudunda katikati ya swala, anaona haya, safu nzima inasikia. Dini imekwisha mfungulia njia: asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Kiti mwishoni mwa safu, nyayo zimelala, swala inakamilika. Kinachowazuia wengi ni kuonekana. Imamu akilitaja jambo hilo mara moja msikitini, bila kumtaja mtu, anakuwa amefanya tiba.

Cha pili ni bajaji. Mitikisiko ya barabara huchokoza kigimbi kila mita. Mgonjwa akae katikati, mgongo umeegemea, nyayo zimelala mbele kidogo ya magoti, na msaidizi aweke kiganja juu ya goti safari nzima. Bodaboda isahaulike. Mguu ukidunda juu ya kikanyagio cha pikipiki, unaruka kwenda kwenye ekzosi au kwenye tairi.

Misuli inapokaza usiku

Huku sasa kuna maumivu. Kigimbi kinakuwa jiwe saa nane za usiku, au vidole vya mguu vinapandiana, au mbavu zinakaza mtu akijigeuza.

Kwa kigimbi: nyosha goti kwanza, kisha shika unyayo mzima, kisigino kikiwa kwenye kiganja chako, usukume polepole kuelekea kwenye ugoko. Polepole maana yake sekunde tano kufika, sekunde thelathini kukaa hapo, kisha kuachia. Rudia mara tatu. Mguu ukianza kudunda katikati, umekwenda haraka. Rudi nyuma kidogo, ngoja, endelea. Aliye peke yake na bado ana nguvu ya mikono apitishe kanga iliyokunjwa chini ya unyayo, avute ncha zote mbili.

Zoezi hilohilo likifanywa kila jioni kabla ya kulala, pamoja na kunyoosha nyuma ya paja na kutanua miguu, hupunguza mikazo ya usiku. Usirukeruke kama wachezaji wanavyopasha misuli, na usipige wala kukanda kwa nguvu. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo husaidia. Mgonjwa huyu anahisi moto kama kawaida, ila hawezi kuondoa mguu haraka. Jaribu joto kwenye kiwiko chako kwanza, na usimwache peke yake nayo.

Kwenye kitanda, mto wa sufi kati ya magoti akilala ubavu. Akilala chali, shuka na chandarua visibane vidole. Chomeka chandarua chini ya godoro kwa ulegevu upande wa miguu.

Sasa kwinini.

Kila nyumba ya ukanda huu inaijua kwa malaria, uchungu wake na masikio kuvuma. Wachache wanajua kwamba mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu ugonjwa wa neva za mwendo uliitaja kwinini kuwa dawa ya kwanza kufikiriwa kwa misuli inayokaza, na kwamba isipofaa ifuate baklofeni, dawa ya kulegeza misuli. Marekani, kwa upande wake, mamlaka ya dawa imekuwa ikionya isitumike kwa mikazo ya kawaida ya miguu, kwa sababu inaweza kushusha chembe zinazogandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Kauli hizo mbili zinaonekana kugongana. Nadhani hazigongani. Ya pili inamlenga mtu mwenye afya aliyekazwa na kigimbi. Ya kwanza inamlenga mtu asiyelala miezi sita kwa maumivu, akiwa chini ya uangalizi.

Kwa hiyo isinunuliwe dirishani kwa kuwa inajulikana. Daktari asikilize moyo, ajue dawa nyingine zinazotumika, na familia ijue cha kuangalia: madoa mekundu au michubuko isiyo na sababu, fizi kuvuja damu, mapigo yanayoruka, masikio kuvuma, kutoka jasho na kuzimia kwa sukari kushuka. Moja likitokea, dawa isimame siku hiyohiyo.

Dawa inayolegeza hata kinachosimamisha

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko pote.

Kiswahili kinalisifu neno ukakamavu. Askari mkakamavu, mzee mkakamavu. Na kwa mgonjwa huyu neno linarudi kwenye maana yake ya mwili: mguu umekakamaa, haukunjiki, unadunda, unauma. Nani asingetaka ulegezwe?

Baklofeni hulegeza. Kwa kawaida huanza na miligramu 5 mara tatu kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 10, au mara moja tu usiku kwa mzee au aliyekonda sana. Hupandishwa miligramu 5 kwa kila dozi, bila kuharakisha, angalau siku tatu kati ya hatua na hatua. Jumla ya miligramu 80 kwa siku ndiyo dari ya kawaida, na wengi hupata nafuu chini sana ya hapo. Mwenye figo dhaifu huhitaji dozi ndogo zaidi.

Halafu inatokea hivi. Wiki ya pili mguu umetulia, hakuna mdundo, usingizi umerudi. Asubuhi ya wiki ya tatu mzee anainuka kwenda msalani kama alivyozoea, goti linakunjika kama kitambaa, anaanguka. Familia inasema ugonjwa umeruka hatua. Ugonjwa uko palepale. Nguvu ya paja ilikwisha kitambo. Kilichokuwa kinamsimamisha ni ule ukakamavu wenyewe, na dawa imeuondoa.

Ukakamavu ulikuwa mkongojo wake.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa kabla ya kidonge cha kwanza ni: unausimamia mguu huu? Anayesimama na kutembea, hata hatua nne kutoka kitandani hadi kwenye kiti, alegezwe kidogo tu, kiasi cha kuondoa maumivu na kubakiza mti wa kusimamia. Dozi kubwa iwekwe usiku, amelala. Asiyesimama tena, ambaye ukakamavu unamzuia hata kuoshwa mapaja, anaweza kulegezwa zaidi. Dawa ni ileile, watu wawili, na kumpa mmoja dozi ya mwenzake ni kumdhulumu.

Pima kwa jambo la kila siku: kila asubuhi kabla ya dozi, anainuka kwa msaada wa mtu mmoja au wawili? Ikihama kutoka mmoja kwenda wawili ndani ya siku chache za kupandisha, rudi hatua moja nyuma kwa ushauri wa daktari.

Na isikatishwe ghafla. Baklofeni ikiachwa kwa siku moja baada ya kuzoeleka inaweza kuleta degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na ukakamavu unaorudi maradufu. Kwa aliye Newala, Nanyumbu au Liwale, mbali na maduka makubwa ya dawa, hili ni jambo la hesabu: kibakipo cha wiki mbili nyumbani, kinunue kingine. Usingoje kopo liishe.

Tizanidini ni mbadala, huanza na miligramu 2. Hushusha presha, hivyo kuinuka kuwe taratibu, na ini lipimwe. Ninachokiogopa ni diazepamu. Hutuliza misuli kweli, watu wanaijua, na ndiyo sababu hutolewa upesi. Lakini misuli ya kupumua nayo inadhoofika kwa ugonjwa huu, na diazepamu hupunguza msukumo wa kupumua. Mgonjwa anayeamka na kichwa kizito, anayesinzia mchana, anayehitaji mito mitatu ili alale, asipewe kabla pumzi yake haijapimwa.

Kuhusu riluzoli, dawa ya ugonjwa huu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995: huongeza maisha kwa miezi michache. Haitulizi mtetemo. Wanaoichangia fedha wajue wanachangia nini.

Kikombe kizito au chepesi?

Ushauri mmoja unazunguka: mwenye kutetemeka apewe kijiko kizito na kikombe kizito, uzito utulize mkono. Unasaidia baadhi ya wenye mitetemo mingine. Kwa huyu ni kinyume. Mkono wake unatikisika kwa sababu umezidiwa. Ukiuongezea gramu mia mbili umeuzidisha. Kikombe cha udongo kiwekwe kabatini, kitoke cha plastiki, kijazwe nusu, kijazwe tena.

Viwiko vyote viwili mezani. Meza ifike usawa wa chini ya kifua. Ikiwa fupi, weka matofali chini ya miguu ya meza. Mpini wa kijiko uzungushiwe sponji ya ndala kuukuu au mpira wa tyubu ya baiskeli hadi unene wa chupa ndogo, maana kushika kitu chembamba kunataka nguvu zaidi. Sahani yenye ukingo, kitambaa chenye unyevunyevu chini yake isiteleze. Uji badala ya chai pale midomo inapolegea: uzito wa uji hufanya umezaji uwe salama kuliko maji, na ukiongezewa tui la nazi au karanga zilizosagwa laini unabeba nguvu, jambo la lazima kwa ugonjwa unaomaliza mwili. Korosho nzima na vipande vyake viondolewe sahanini mapema. Najua ni kusini. Kipande kimoja kikienda njia ya hewa, kikohozi dhaifu hakikitoi.

Taya nazo hudunda, hasa mtu akipiga miayo au upepo wa baridi ukimpiga usoni asubuhi za Juni na Julai. Meno hugongana, ulimi huumwa. Kiganja chini ya kidevu, kuunga tu bila kukaza, hutosha mara nyingi. Chakula kisimame mpaka zitulie.

Ukizidi ghafla

Mtetemo ambao umekuwa na kawaida yake, ukazidi mara mbili ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi una mchokozi. Mgonjwa asiyeweza tena kusema "hapa panauma", mwili wake husema kwa misuli. Mtafute kuanzia chini kwenda juu: ukucha uliozama, kidonda cha kisigino, mshono wa suruali unaobana, kidonda cha kukalia, choo cha siku nne, kibofu kilichojaa, mkojo unaochoma. Choo peke yake kinaweza kuwa chanzo. Baklofeni na kutokunywa maji ya kutosha kwa kuogopa kupaliwa vyote hukifanya kigumu.

Homa nayo ipimwe. Mtetemo wa homa hushika mwili mzima pamoja na baridi na meno; mdundo hushika kiungo na hukatika ukibadili mkao. Vinaweza kuwapo vyote kwa pamoja, kwa hiyo kipimo cha malaria kifanywe wala kisikisiwe, wala dozi ya dawa ya kulegeza isipandishwe siku ya homa.

Na mtu akilia au kucheka bila sababu katikati ya mtetemo, breki ileile iliyokatika kwa mguu imekatika kwa uso. Hana wazimu. Hajapandisha.

Video ya kwenda nayo hospitali

Mguu haudundi ukiitwa. Mtu husafiri kutoka Tandahimba hadi hospitali ya Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine kule Lindi, analala foleni, anaingia kwa daktari, mguu umenyamaza kama si wake. Anaandikiwa dawa ya wasiwasi.

Piga video ya sekunde ishirini nyumbani. Tatu zinatosha: moja ya mdundo, moja ya nyama kucheza kwenye mwanga wa pembeni, ule wa dirisha asubuhi, maana mwanga wa juu hauonyeshi kivuli, na moja ya anavyoinuka kitini. Daftari liwe na mistari minne kwa siku: saa ngapi, alikuwa amekaaje, ulidumu muda gani, nini kiliutuliza. Wiki mbili za daftari hilo humwambia daktari, na kama mtapewa rufaa hadi Muhimbili humwambia bingwa wa huko, mambo ambayo dakika kumi za kliniki hazitatoa.

Kwenye video ya mdundo, shika simu chini, usawa wa kifundo cha mguu. Picha ianzie gotini hadi sakafuni, na kisigino kionekane.